Jinsi ya kuingiza kwenye kompyuta rejista za kale za hali ya hewa za mji wa pwani

Mvua iliyonyesha miaka mia iliyopita haiwezi kupimwa tena. Kilichobaki ni namba moja kwenye rejista, na rejista za miji ya pwani huliwa na unyevu, chumvi na wadudu. Nimekuwa nikiziingiza kwenye kompyuta kwa miaka mingi, na huu ndio mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kuchapa chochote

Piga kila ukurasa, hata jalada na kurasa tupu. Tumia mwanga wa dirishani unaoingia kwa ubavu, maana huibua wino uliofifia, usitumie flashi. Pembezoni zionekane zote. Niliwahi kukuta maneno mawili kwa kalamu ya risasi kando ya safu ya mvua: "geji inavuja", yaani kipimamvua kilikuwa kinavuja. Maneno hayo yalieleza miezi mitatu ya ukame ambao haukuwahi kutokea.

Ipe kila picha jina lenye kituo, mwaka, mwezi na ukurasa, kisha weka nakala sehemu mbili tofauti.

Hatua ya 2: Andika historia ya kituo

Hii usiiruke hata ukiwa na haraka. Mara nyingi kituo cha kwanza cha mji wa pwani kilikuwa bandarini au penye mnara wa taa, baadaye kikahamia uwanja wa ndege. Kilomita chache zinatosha kubadili vipimo. Karibu na maji, upepo wa bahari hupoza mchana, na usiku haupoi sana. Ukiingia bara kidogo, mchana huwa mkali na alfajiri huwa na ubaridi. Ukiunga vituo viwili kama kimoja, utaona badiliko la tabianchi ambalo chanzo chake ni kuhama kwa vifaa.

Fungua jedwali la pembeni lenye tarehe za kuhama, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, aina ya kifaa na saa ya kusoma. Mwandiko ukibadilika, andika tarehe hiyo pia. Kwa miaka 90 iliaminika kwamba joto kali kuliko yote duniani lilipimwa El Azizia, Libya, tarehe 13 Septemba 1922: nyuzi 58 za Selsiasi. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaifuta rekodi hiyo. Wachunguzi waliporudi kwenye karatasi yenyewe walikuta mwandiko umebadilika siku chache kabla. Walihitimisha kwamba huenda msomaji mpya hakukizoea kipimajoto chake, akakisoma vibaya kwa takriban nyuzi 7. Karatasi ile ingetupwa, kosa lingebaki hadi leo.

Hatua ya 3: Chapa unachokiona

Kila kipimo kipewe safu nne: thamani kama ilivyoandikwa, kizio chake, thamani iliyogeuzwa, na maelezo. Inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hiyo 1.04 inakuwa milimita 26.4. Kwa Farenhaiti toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. 86 inakuwa 30.

Tofautisha sifuri, kistari na nafasi tupu. Sifuri maana yake mtu alikwenda kwenye kipimamvua akakuta kikavu. Nafasi tupu huenda maana yake hakuna aliyekwenda. Manyunyu yasiyopimika yana alama yake, nayo si sawa na sifuri.

Ikiwezekana, watu wawili wachape ukurasa uleule bila kuangaliziana, kisha mlinganishe.

Hatua ya 4: Kagua

Anza na yale mepesi: tarehe 31 Juni, au joto la chini lililozidi la juu. Kisha jumlisha mvua ya mwezi ulinganishe na jumla aliyoiandika karani chini ya ukurasa. Zikipishana, rudi kwenye picha.

Baada ya hapo hesabu siku za mvua kwa kila siku ya wiki. Mawingu hayajui Jumapili. Jumapili zikiwa kavu na Jumatatu zimefurika mwaka mzima, ofisi ilikuwa imefungwa, na maji ya siku mbili yalipimwa kwa pamoja. Usiyagawe, yawekee alama ya limbikizo.

Angalia pia tarehe. Mvua inayosomwa asubuhi ni ya saa 24 zilizopita, na wengine waliiandika siku ya kusoma, wengine siku iliyotangulia. Linganisha dhoruba kubwa na magazeti ya wakati huo au daftari za meli zilizokuwa bandarini.

Hatua ya 5: Acha mapengo wazi

Rekodi za Hong Kong, zilizoanza miaka ya 1880, zina pengo la 1940 hadi 1946 kwa sababu ya vita, na pengo hilo linaonyeshwa wazi. Fanya vivyo hivyo. Ukikadiria kwa kutumia kituo jirani, kadirio likae kwenye safu yake. Na wastani wa miaka 30, kama ule wa 1991 hadi 2020, utaje idadi ya siku zilizokosekana.

Mwisho, funga faili yenye thamani za asili isiweze kuhaririwa, na masahihisho yote yafanyike kwenye nakala.