Kupinga Hoja Bila Kumshambulia Mtu

Katika mkutano mkuu wa kijiji, iwe Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mjadala wa malipo ya korosho huharibika pale mzungumzaji anapoacha suala la makato ya chama cha msingi (chama cha ushirika cha wakulima) na kuanza kutaja ukoo, ndoa au umaskini wa mwenzake. Ukipewa nafasi, rudia kwanza hoja ya unayempinga kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali, kisha utaje mahali hasa mnapotofautiana. Usiseme, “Katibu ni mwizi”, sema, “Stakabadhi yangu inaonyesha kilo 200, lakini nimelipwa kilo 180, naomba maelezo.” Kauli ya pili inadai jibu, ilhali ya kwanza inazaa ugomvi tu, na kilo zako 20 zinabaki hazijalipwa. Kuhoji mwenendo wa kiongozi katika kazi aliyokabidhiwa si matusi, na mtu asikunyamazishe kwa kisingizio hicho. Utani wa makabila, ambao sisi watu wa kusini tunauenzi, uuache msibani na harusini, usiulete mkutanoni. Ukitukanwa, mwombe mwenyekiti awarudishe wajumbe kwenye hoja, nawe uendelee ulipoishia.