Kukunja Bamba Nene kwa Presi ya Gereji na Kikunjio cha Kujitengenezea

Presi ya tani 20 yenye nguzo mbili na jeki katikati, ambayo katika gereji nyingi hutumika kutoa na kuingiza beringi na bushi, ina nguvu ya kutosha kukunja bamba la chuma la milimita 6, na hata la milimita 10, bila moto wala nyundo. Inachokosa ni kikunjio, yaani kisu kinachoshuka pamoja na jeki na kitako chenye mdomo wazi ambamo bamba husukumwa hadi lipate pembe. Vifaa hivi viwili hutengenezwa kwa vyuma vinavyopatikana kwa wauza chakavu. Hata hivyo, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, ni lazima fundi aamue upana wa mdomo, kwa kuwa kipimo hicho kimoja ndicho kinachopanga nguvu itakayohitajika, mviringo wa kona na urefu wa ukingo mfupi kabisa unaoweza kukunjwa.

Kwa chuma laini cha kawaida, mdomo unaofaa una upana wa mara 8 ya unene wa bamba, na kwa bamba la milimita 10 au zaidi unaweza kufika mara 10. Nguvu hukadiriwa hivi: unene kwa milimita uzidishwe kwa wenyewe, jibu lizidishwe kwa 65, kisha ligawanywe kwa upana wa mdomo kwa milimita, kinachopatikana ni tani zinazohitajika kwa kila mita ya mkunjo. Bamba la milimita 6 kwenye mdomo wa milimita 48 linahitaji takriban tani 49 kwa mita, kwa hiyo kipande chenye mkunjo wa milimita 300 kitahitaji karibu tani 15. Bamba la milimita 10 kwenye mdomo wa milimita 80 linahitaji tani 81 kwa mita, na hapo mkunjo wa milimita 200 tayari unakula tani 16. Si busara kuitumia presi ya tani 20 hadi kikomo chake, na kuongeza bomba kwenye mpini wa jeki ili kupata tani za ziada ni hatari tupu. Presi ikigoma, kinachopaswa kuongezwa ni upana wa mdomo. Chuma kisichoshika kutu huhitaji takriban mara moja na nusu ya nguvu hizo.

Mdomo mpana una gharama yake. Mviringo wa ndani wa kona huwa na nusu kipenyo cha karibu asilimia 16 ya upana wa mdomo, yaani karibu milimita 8 kwa mdomo wa 48 na milimita 13 kwa mdomo wa 80. Vilevile ukingo unaokunjwa hauwezi kuwa mfupi kuliko asilimia 70 ya mdomo, ambayo ni milimita 34 kwa mdomo wa 48. Ukiwa mfupi zaidi, utateleza na kutumbukia ndani kabla pembe haijakamilika.

Kitako hutengenezwa juu ya bamba la msingi lenye unene usiopungua milimita 20, ambalo hukaa juu ya meza ya presi na kuegemea mihimili yake yote miwili. Juu ya msingi huo huwekwa vyuma viwili vya mraba vya milimita 40 kwa 40, vikiwa sambamba, na nafasi iliyo kati yake ndiyo mdomo. Kingo za juu za upande wa ndani husagwa kwa grainda hadi ziwe na mviringo wa milimita 3 hivi na kulainishwa vizuri, la sivyo zitakwaruza bamba kila linapoteleza. Kimo cha milimita 40 kinatosha kwa mdomo wa hadi 80, kwa sababu hata hapo tumbo la bamba hushuka takriban milimita 30 tu linapofika digrii 90.

Hapa ndipo vikunjio vingi vya kienyeji huharibika. Pembe inapokaribia digrii 90, bamba haliusukumi mdomo kwenda chini peke yake, bali huvisukuma vyuma vile viwili vitengane, na kila kimoja hupokea msukumo wa pembeni unaokaribia nusu ya nguvu yote ya presi. Kwa tani 15, hizo ni karibu tani 7 na nusu kila upande. Bolti iliyokazwa kwenye tundu refu, linaloruhusu chuma kusogezwa, haiwezi kuzuia msukumo huo kwa msuguano wake. Chuma kimoja kichomelewe kabisa na kuwekewa vipande vya pembetatu vya kukiegemeza kwa nyuma. Cha pili, kama kinatakiwa kusogea ili kubadilisha mdomo, kiegemee kizuizi kinene kilichochomelewa kwenye msingi, na nafasi kati ya kizuizi na chuma hicho ijazwe kwa vipande vya bamba vilivyokatwa kwa kipimo. Bolti zibaki na kazi ya kukishikilia kisinyanyuke.

Kisu kinaweza kuwa bamba la milimita 25 lenye kimo cha milimita 100, lililosimamishwa na kunolewa ncha butu yenye mviringo usiozidi ule wa ndani wa kona unaotarajiwa. Kimo hicho kina sababu. Jeki husukuma katikati tu, na kisu chenye kimo kidogo hujipinda, miisho yake ya pembeni ikapanda juu, hivyo bamba likakunjika zaidi katikati kuliko pembeni. Kuna mafundi wanaopenda kutengeneza kisu kwa springi za lori kwa kuwa ni chuma kigumu. Mimi siungi mkono, kwani chuma hicho hupasuka kirahisi kando ya mshono wa kuchomelea, na kipande kinachovunjika chini ya tani 15 huruka. Kisu kiongozwe na fito mbili zinazopita ndani ya mabomba pande zote mbili, na springi nyepesi zikinyanyue jeki inapolegezwa.

Bamba lenyewe litayarishwe kwa uangalifu. Chuma kina nyuzi zinazofuata mwelekeo wa kuviringishwa kiwandani, na kama ilivyo kwa mbao, mstari wa mkunjo unaokata nyuzi hizo ni salama kuliko unaokwenda sambamba nazo. Kingo zilizokatwa kwa gesi zisagwe mahali mkunjo utakapopita, hasa upande wa nje, maana ufa huanzia kwenye mikwaruzo midogo inayoachwa na ukataji huo.

Urefu wa kukata haupatikani kwa kujumlisha vipimo vya nje. Kwa bamba la milimita 6 kwenye mdomo wa 48, kila mkunjo wa digrii 90 hupunguziwa takriban milimita 11.5. Hivyo kona yenye upande mmoja wa milimita 60 na mwingine wa milimita 80 kwa vipimo vya nje hukatwa kwenye kipande cha milimita 128.5, na mstari wa mkunjo huchorwa milimita 54 hivi kutoka ukingo wa upande mfupi. Kata kipande cha majaribio chenye unene uleule kwanza, kikunje, kipime, kisha rekebisha.

Wakati wa kukunja, shusha kisu kiguse mstari, hakikisha bamba limekaa mraba, kisha pampu polepole ukiwa umesimama pembeni, kamwe si mbele ya bamba wala nyuma yake. Chuma laini hurudi digrii moja au mbili nguvu inapoondolewa, kwa hiyo digrii 90 hupatikana kwa kufika 88 hivi. Karibu na mwisho, kushuka kwa milimita moja kwenye mdomo wa 48 hubadilisha pembe kwa takriban digrii 4, kiasi ambacho jicho haliwezi kukikadiria. Kama vipande ni vingi, weka vizuizi viwili vya kimo sawa chini ya mabega ya kisu ili kila kipande kisimame palepale.

Bamba likizidi uwezo wa presi hata baada ya kupanua mdomo, mstari wa mkunjo unaweza kupashwa moto hadi rangi ya chungwa, karibu digrii 900 za Selsiasi, na nguvu inayohitajika hupungua sana. Usikunje chuma kikiwa katika joto la digrii 200 hadi 400, wakati uso uliosafishwa huonyesha rangi ya bluu, kwa maana hapo huwa chepesi kupasuka kuliko kikiwa baridi kabisa. Bamba lililopakwa zinki lisipashwe kabisa kabla ya kusagwa, kwa sababu moshi wake huleta homa. Likishakunjwa, liachwe lipoe lenyewe hewani. Kulimwagia maji huweza kuifanya kona iwe ngumu na kukatika baadaye, hasa kama chuma hicho cha chakavu kina kaboni nyingi kuliko ulivyodhani.