Jinsi ya kusikiliza panki ya polepole bila kuizima njiani

Wengi tukisikia panki, ule muziki wa roki wa magitaa na kelele, tunawaza mbio, wimbo dakika moja na nusu umeisha, dramu na gitaa zinafukuzana. Sasa ukikutana na Flipper, bendi ya San Francisco iliyoanza 1979, unaona kama spika imekufa au kaseti inakwama, wimbo unajikokota tu na kelele juu yake. Usizime. Mimi nilizima mara mbili kabla haijaniingia, na kosa langu lilikuwa moja tu, nilikuwa nalisikiliza gitaa.

Fuata besi. Kwa Flipper besi ndo inabeba wimbo, gitaa la Ted Falconi linamwagika tu juu yake kama mvua kwenye bati, ukilisaka lina melodi gani utaumwa kichwa bure. Na hapo ndo ujue usisikilizie kwenye spika ya simu, ile ndogo haitoi besi, inakuachia makelele matupu halafu unasema muziki mbaya. Tafuta hedifoni nzuri au spika kubwa, weka sauti juu kidogo mpaka besi uisikie kifuani.

Anza na Sex Bomb, ndo inafunga albamu yao ya Generic Flipper ya 1982. Inapita dakika 7 na besi inarudia kitu kilekile mwanzo mpaka mwisho, maneno yenyewe machache mno. Gonga mguu na besi, usisubiri ibadilike maana haibadiliki. Dakika mbili za kwanza utachoka kweli, vumilia, ikifika kama ya tatu hivi sikio linaacha kudai kiitikio na unaanza kusikia vitu vilivyokuwepo muda wote, saksofoni inalia huko nyuma, mtu anapiga ukelele, dramu inasukuma kidogo kisha inarudi. Besi imesimama palepale, vingine vyote vinaizunguka. Ukishaisikia hiyo hata mara moja umeshaingia.

Kisha sikiliza Life, albamu hiyohiyo. Watu wanadhani muziki mzito hivi lazima uwe wa kukata tamaa, ila pale wanaimba kwamba maisha yana thamani, na wanaimba kwa moyo kabisa, ndo maana naipenda kuliko zote. Will Shatter na Bruce Loose wa Flipper walikuwa wanapokezana gitaa la besi na kuimba, kwahiyo usishangae sauti zikibadilika kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine.

Ukitoka hapo nenda kwa Black Flag, bendi ya Hermosa Beach, California, lakini kwa mpangilio. Sikiliza kwanza albamu yao ya Damaged ya 1981 uone mbio zao, halafu ruka mpaka My War ya 1984, upande wa pili wa santuri. Katikati walikwama na kesi ya mambo ya lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, wakashindwa kutoa albamu mpya, na waliporudi mashabiki wa mbio wakakuta upande mzima una nyimbo tatu tu, kila moja zaidi ya dakika 6, zinatambaa. Wengi walikasirika. Zisikilize zote tatu mfululizo bila kuruka, taa ukizima ni bora zaidi, na safari hii msikilize Bill Stevenson kwenye dramu, ule muda kati ya pigo na pigo. Kupiga polepole hivyo bila kukimbilia mbele ni kazi ngumu kuliko kupiga haraka, jaribu mwenyewe kugonga meza kwa mwendo ule dakika 6 utaona mkono unavyotaka kuwahi.

Melvins, bendi ya jimbo la Washington, waache mwisho. Albamu yao ya Gluey Porch Treatments ya 1987 ina nyimbo nyingi fupi lakini nzito kama tope, na ukiwa umeshapita kwa hao wawili wa kwanza utatambua mwenyewe uzito ule umetokea wapi.