Una sarafu ya tembo ya Tabora 1916? Soma hapa kabla hujaipeleka kwa sonara

Jamani kama kwenu kuna kisarafu cha dhahabu chenye tembo kainua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916, naomba kitu kimoja kwanza: usiisugue. Si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, hata kitambaa acha. Mistari midogo ya kusugua haitoki tena na wanunuzi wanaiona mara moja, bei inaporomoka hapohapo.

Hiyo ni rupia 15 ya Wajerumani walipotutawala, ilipigwa kwenye karakana ya reli Tabora wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli za Waingereza zimefunga bahari na pesa haziingii, dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke kule Singida. Zilitoka 16,198 tu.

Sasa pima. Tafuta mizani ya kusoma mpaka 0.01, halisi ina gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni asilimia 75, kwahiyo usishtuke sonara akikwambia sio safi, ndivyo ilivyotengenezwa. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ining'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala pembeni. Kama uzito wa kwanza ulikuwa sawa na sasa mizani inasoma kati ya 0.45 na 0.48 uko vizuri, ikisoma 0.8 na kitu hiyo ni shaba ya njano. Na msichanganye na sarafu yao nyingine, heller 20 ya mwaka huohuo (ndo neno hela lilikotoka), ile ni kubwa zaidi, haina tembo, na nyingine ni za njano kweli watu wanadhani ni dhahabu.

Hali yake ndo pagumu kidogo. Angalia kichwa cha tembo na kifua cha tai aliye upande wa pili, hapo ndo panalika kwanza, ila kumbuka zilipigwa karakanani haraka haraka kwahiyo nyingine zilitoka hafifu tangu siku ya kwanza. Tofauti utaiona ukiigeuzageuza dirishani: palipotoka hafifu bado pana ule mng'ao wa asili unaotembea na mwanga, palipolika pamekuwa laini na pamefifia. Kisha zungusha ukingo taratibu chini ya lenzi. Nyingi ziligeuzwa vidani, so tafuta tundu lililozibwa au alama ya kulehemu, hiyo inakata bei sana hata kama uso ni mzuri. Vitobo vidogovidogo kama vya uji ukichemka, au mshono ukingoni, hiyo ni feki ya kumimina.

Upande wa tai kuna nakshi, angalia ncha yake ya kulia kwenye neno OSTAFRIKA. Ikiishia chini ya T ni aina moja, ikiishia chini ya A ya kwanza ni aina nyingine.

Bei ya chini kabisa ni gramu 5.38 za dhahabu safi mara bei ya siku, na sonara wengi wanaishia hapo kisha wanayeyusha, inaniuma sana, maana mnadani iliyo nzuri inafika maelfu ya dola. Omba bei kwa watu wa minada angalau wawili, watumie picha za pande zote na ukingo, mwanga wa dirishani bila flashi, na ukiishika shika pembeni tu.