SOMO: Wachezaji elfu kwenye seva moja bila mchezo kuganda

Swali hili limeulizwa mno, nalijibu mara moja. Ni Linux na lugha ya C.

1. Usimpe kila mchezaji uzi (thread) wake. Uzi mmoja na epoll (huduma ya Linux inayokuambia soketi ipi iko tayari) vinatosha.

2. Kagua `ulimit -n`, kikomo cha faili na soketi ambazo programu inaweza kufungua. Mara nyingi ni 1024. Pandisha hadi 8192.

3. Kila soketi (ncha ya muunganisho wa mchezaji) iwe O_NONBLOCK, yaani isikungojeshe, na TCP_NODELAY iwashwe ili jumbe ndogo zitoke bila kusubiri.

4. Kusoma. Hapa ndipo watu wanaanguka. TCP ni mtiririko wa baiti, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Ujumbe wa baiti 12 unaweza kufika 7 kwanza, 5 baadaye. Au jumbe mbili zikaja zimeshikana, baiti 24 kwa mkupuo. Ukijaribia kila kitu kwenye kompyuta moja huenda usilione kamwe. Mtu wa mtaa wa Ndosho, Goma, akiingia kwa simu, ndipo jumbe zinasomwa vibaya na wahusika wanaanza kupenya kuta. Weka baiti 2 za urefu mbele ya kila ujumbe, kila mchezaji awe na bafa yake (kumbukumbu ya kuwekea baiti zinazofika), na usiuguse ujumbe kabla haujatimia.
ANGALIA: urefu ukizidi kikomo chako, tuseme 512, mfukuze huyo. Na ukitumia EPOLLET (epoll inakuarifu mara moja tu baiti mpya zikifika), soma hadi upate EAGAIN ("kwa sasa hakuna zaidi"), la sivyo baiti zilizobaki zitalala humo.

5. Kutuma: baiti zisipotoka zote, salio liingie foleni ya mchezaji huyo, washa EPOLLOUT ili epoll ikuambie soketi ikiweza kupokea tena. Foleni ikipita KB 64, mfukuze.

Maswali

— Mukubwa, yangu inagoma wakifika elfu moja na kitu. Saidia.

Hatua ya 2.

— Nimepandisha, bado.

Basi unatumia select, njia ya zamani ya kukagua soketi. Hiyo inakomea 1024 hata upandishe nini. Hatua ya 1 uliiruka.

— Umeme ukikatika mtaani Katindo, modemu ya mchezaji inazima, lakini seva inaonyesha mchezaji bado yupo. Kwa nini?

Swali zuri. Modemu imezima bila kuaga, kwa hiyo seva haina habari. Keepalive ya Linux (ukaguzi wa kama upande wa pili bado upo) lazima uiwashe mwenyewe, tena usipoirekebisha inangoja sekunde 7200 za kimya. Tuma ping yako (ujumbe mfupi wa kuuliza kama yupo) kila sekunde 5. Kimya kikifika sekunde 15, funga soketi. Ila nafasi yake usiifute: mpe tokeni (alama ya siri ya kumtambua) akiingia, mshikie dakika 2 arudi palepale.

— Aksanti sana! Na mega (data) za watu je?

Piga hesabu: baiti 50, mara 20 kwa sekunde, ongeza angalau 40 za vichwa vya IP na TCP kila pakiti. Kwa saa inapita MB 6 kwa kila mchezaji. Kwa mchezo wa karata, tuma pale tu kitu kinapobadilika.