Laptopu nyepesi ya kutembea nayo Dodoma: usinunue kabla hujaishika pamoja na chaja

Jamani, unayetaka laptopu ya kubeba kila siku, ukifika dukani mwambie muuzaji akupe na chaja yake uzishike zote kwa mkono mmoja, maana watu wanaangalia uzito ulioandikwa kwenye boksi wanasahau kwamba chaja zile za kizamani na waya wake zinaweza kuongeza karibu nusu kilo, na kwa anayetembea kwa miguu kutoka Ng'ong'ona kwenda UDOM au anayesimama kwenye daladala mpaka Mtumba, bega litaisikia tu. Kwa mimi isizidi kilo 1.4, inchi 13 au 14. Inchi 15 iache nyumbani.

Kama unaweza, chukua inayochaji kwa taipu C, chaja ndogo ya wati 65 inatosha nyingi za saizi hii na simu yako inachaji humohumo. Ila jaribu palepale, sio kila tundu la taipu C linapeleka chaji, mengine ni ya data tu.

Halafu kioo. Hapa kwetu jua halina mchezo, kwa hiyo itoe nje ya mlango wa duka, ongeza mwanga mpaka mwisho uone kama maandishi yanasomeka. Kioo kisichong'aa chenye niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 300 kwenda juu kinafaa, kile cha kung'aa chenye mwanga mdogo utakuwa unaangalia sura yako mwenyewe.

Kibodi usiijaribu kwa kuandika jina lako tu, kaa kwenye kiti, iweke mapajani, andika aya nzima. Sikiliza kama vitufe vinarudi vizuri, kama ukingo wa mbele unakukata viganja, kama inadondokea nyuma ukifungua kioo. Iache iwake kama dakika 15 na video inacheza kisha gusa chini, ikichemka sana hiyo hutaipakata kwa raha. Na vumbi letu la kiangazi linaingia kwenye feni, ndiyo maana naipenda MacBook Air ya M1 ya 2020, kilo 1.29 na haina feni kabisa, shida yake RAM (kumbukumbu ambayo programu hutumia zikiwa zinafanya kazi) huwezi kuongeza, ukinunua ya GB 8 ndiyo hiyo hiyo milele.

Wengi tunanunua za mtumba na sioni ubaya, ThinkPad za Lenovo na Latitude za Dell zilizotoka maofisini zina kibodi nzuri sana. Hapo kagua betri kwa makini. Kwenye Windows fungua ile skrini nyeusi ya cmd, andika powercfg /batteryreport, itakuambia faili limehifadhiwa wapi, lifungue utafute Design Capacity (chaji ambayo betri ilibeba ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (inayobeba sasa ikijaa). Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 30,000 maana yake betri imebaki asilimia 60, sasa punguziwa bei au ondoka, umeme ukikatika mchana utaelewa kwa nini nasisitiza.

Kama prosesa yake ni ya Intel angalia iwe kizazi cha 8 kwenda juu, maana Windows 11 rasmi haikubali za chini ya hapo (ukiacha chache sana) na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. RAM GB 8 ndiyo mwanzo, 16 ukiweza. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) lazima, hata muuzaji akikuapia kwamba HDD yake (diski ya kizamani inayozunguka) ina nafasi kubwa.