Kurekebisha Plastiki Iliyoyeyushwa na Gundi au Thina kwenye Ndege ya Mfano

Ndege nyingi za mfano za kuunganisha huundwa kwa polistirini, plastiki inayoyeyushwa na asetoni, toluini na butili asetati, yaani kemikali za aina ileile inayopatikana katika gundi za modeli na katika thina za rangi ya magari. Tuchukue mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, wa kipimo cha 1:72 (yaani mdogo mara 72 kuliko ndege halisi), ambao bawa lake limeshikwa kwa kidole chenye gundi mbichi, mistari ya kidole ikabaki imechapwa juu ya bawa.

Hatua ya kwanza ni kutogusa kitu. Usifute, kwa sababu plastiki iliyolainika huburutwa na kitambaa na kovu huwa pana kuliko tone lenyewe. Juu hukauka upesi, lakini kiyeyushi kilichopenya ndani hutoka polepole. Alama ndogo ipe siku mbili, na palipolainika sana papewe wiki nzima au zaidi. Ukiharakisha, plastiki itaendelea kunywea chini ya rangi na shimo litajitokeza upya.

Alama isiyo na kina huondolewa kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha 2000, ukiwa umezungushiwa kipande bapa cha ufutio, kwa kuwa kidole kitupu hufuata shimo badala ya kulisawazisha.

Shimo lenye kina ndilo lenye kazi. Katika kipimo hiki nusu milimita ni sawa na milimita 36 kwenye ndege halisi, kwa hiyo rangi haitalificha. Puti nyingi za tyubu, yaani vijazio laini vya kuziba mashimo, zina kiyeyushi chake, nazo huweza kuilainisha tena sehemu uliyoingoja ikauke. Napendelea supaglu nzito, ikidondoshwa kwa ncha ya sindano tabaka baada ya tabaka. Ikishakauka, ipige msasa siku hiyohiyo, maana ikilala huwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utalila bawa huku kiraka kikibaki kimesimama. Mistari inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege, ikifutika kwa msasa, ichore upya kwa sindano, ukifuata ukingo wa utepe mgumu na kuivuta mara kadhaa bila kukandamiza.

Nyunyizia praima ya kijivu, tabaka jepesi, uone mikwaruzo iliyosalia. Ukitaka kusafisha vumbi kabla ya hapo, tumia maji yenye sabuni au alkoholi ya isopropili. Petroli, ingawa mafundi wengi huizoea, huipasua polistirini.

Kioo cha rubani kina hukumu yake. Ukungu mweupe wa supaglu ni mvuke uliotua juu tu, na mara nyingi huondoka kwa kung'arishwa, lakini nyufa nyembamba zilizoingia ndani ya plastiki angavu hazitibiki, na hapo ni bora kutafuta kioo kingine.